Mkwe Hakai Mbele

Siku gari letu lilipogonga kalavati karibu na Bunda, mimi sikuwemo. Nilikuwa Bukima mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, nabishana na mpimaji kuhusu ndoo yake iliyobonyea, simu ikaita. Mume wangu akasema, "Mama watoto, usishtuke." Mtu akikuambia usishtuke, umeshashtuka. Nikamuuliza mama yuko wapi, maana asubuhi ile alikuwa anampeleka mama yangu hospitali ya Bunda kupima macho. Akasema mama mzima, ameumia bega kidogo, amekaa kwenye jiwe kando ya barabara na anauliza kama watachelewa foleni. Hapo nikapumua. Halafu nikauliza gari, naye akarudia kwamba mama mzima.

Gari lenyewe ni Noah, na ni langu. Nasema hivyo bila aibu na yeye mwenyewe anajua. Biashara ya dagaa niliianza kwa kupakia kwenye magari ya watu, huku namsubiri dereva wa mtu aamke vizuri, amalize chai yake, aamue kama leo anakupenda au hakupendi. Nilipopata Noah yangu kuukuu tulikunja viti vya nyuma, ikawa inatoka Bukima na magunia hadi sokoni Bunda, inarudi Musoma, kesho tena. Harufu iliingia mpaka kwenye mikanda. Jumapili tukiwapa watu lifti kutoka kanisani walikuwa wanashusha vioo wote kwa pamoja bila kusema neno, na mimi nacheka kimoyomoyo, kwa sababu harufu hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Bila lile gari mimi narudi barabarani na magunia yangu. Na dagaa hawasubiri mtu. Wakinyeshewa mara moja tu wanabadilika rangi, na mnunuzi anakuambia ukawauze kwa wafuga kuku.

Lakini nilikuwa na bima kubwa. Mume wangu alisema tukate ile ndogo ya kumtulizia trafiki, inatosha. Mimi nikakataa, nikanuna, nikapika bila chumvi mpaka akakubali. Kwa hiyo kwenye pikipiki kutoka Bukima, khanga nimeikaza kichwani isipeperuke, nilikuwa najiambia bima ipo, bima ipo. Kusema kweli nilikuwa hata najisifu kidogo.

Mama nilimpitia kwanza hospitali. Mkanda wa kiti ulikuwa umemwachia alama nyekundu bega la kushoto, lakini alikuwa anamgombeza nesi, nikajua mzima. Ndipo nikaenda gereji walikolivutia gari. Mbele imeingia ndani, taa zote zimekufa, rejeta imepasuka, usukani umepinda kama bangili iliyokanyagwa. Mume wangu amesimama pembeni, shati lake limenyooka, hana hata mkwaruzo.

"Hivi ulikuwa unaendesha au unasinzia?" nikamuuliza mbele ya mafundi.

Akanivuta nyuma ya fuso moja bovu. "Sikuwa naendesha mimi."

"Nani sasa?"

"Yule jirani wa mama. Yule aliyekuwaga dereva wa kiwanda cha pamba."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma kabisa. Kwenye magunia."

Nikaelewa palepale, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Kwa mtu asiyetoka kwetu inabidi nieleze.

Mama yangu akikaa kiti cha nyuma anatapika. Gari lolote lile, hata likienda mwendo wa maharusi. Lazima akae mbele, kioo wazi, macho barabarani. Siku zote nampelekaga mimi, kwa hiyo haikuwahi kuwa shida. Lakini wiki ile mbalamwezi ilikuwa imeisha, giza limerudi ziwani, dagaa wanavuliwa kwa wingi, nisingeweza kuacha. Nikamwambia mume wangu ampeleke yeye. Sikufikiria kabisa kwamba kwetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe. Hampi mkono. Hali naye meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Kukaa naye mbele ya gari, bega kwa bega, njia nzima kutoka kwa mama Butiama hadi Bunda, watu wanawaona kupitia kioo, ni kumvua mama wa watu heshima yake.

Siku hizi wengi wameshaacha. Waume wa dada zangu wanaingia kwa mama, wanakaa kwenye kochi, wanaomba rimoti. Mchungaji naye alishatuambia kanisani kwamba mkwe ni mtoto kama watoto wengine. Ila mume wangu si wa kwetu. Ni wa Rukuba, kisiwani, mtoto wa wavuvi, na alipokuja kunichumbia wajomba zangu walimcheka machoni pake. Walimuuliza hao sangara wake tutawafunga kwenye zizi gani. Ng'ombe wa mahari aliwanunua mnadani, mmoja mmoja, na bado wakasema ng'ombe wa mnadani hawana kwao. Yeye hakujibu. Aliamua tu kwamba atakuwa mkwe kuliko wakwe wote. Kwao pia mama mkwe anaheshimiwa, lakini yeye mila zetu alizisoma kama mtu wa mtihani. Tukifika Butiama anazunguka nyuma ya nyumba, anakaa kwenye kigoda, analetewa chakula chake hukohuko. Kumsalimia mama anamsalimia kwa mbali, uso ameugeuzia migombani. Na mama, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, tangu tuoane hajamwambia neno zaidi ya kuitikia salamu.

Mume wangu alikuwa anauchukua ukimya ule kama hukumu. "Mama yako hajanikubali," ananiambiaga, tena mpaka sasa tuna watoto wakubwa wenye ndevu. Mimi namwambia aache utoto.

Sasa pale gereji nikamwambia, "Si ungekaa tu mbele?"

"Na mama yako?"

"Ndiyo, na mama yangu. Ni safari ya hospitali, siyo harusi."

"Wewe unasema hivyo. Watakaosemwa ni mimi na yeye."

"Haya, huyo jirani leseni anayo?"

Akaangalia viatu vyake. "Anayo. Ila tangu kiwanda kimwachishe kazi hajaihuisha."

Nilikaa chini juu ya tairi. Dada wa bima, wakala wetu pale Musoma, alikuwa amenisomea masharti siku ninakata, tena kwa sauti, maana aliniona ni mtu wa maswali. Aendeshe yeyote niliyemruhusu, alisema, mradi leseni yake iwe hai. Leseni iliyokufa, na bima imekufa.

Kilichotokea barabarani ni kitu cha kawaida kabisa. Mbuzi walivuka bila mchungaji, jirani akawakwepa, gari likaingia mtaroni na kukutana na kalavati. Jirani alikipigiza kifua kwenye usukani. Akatoka, akakohoa, akaona sare nyeupe ya trafiki inakuja kwa mbali, akapanda bodaboda akaenda zake. Trafiki alipofika alimkuta mume wangu kwenye mlango wa dereva, ufunguo mkononi, anautoa ili watu wasije wakaondoka nao. Gari la nani? Letu, afande. Leseni? Akatoa leseni yake, nzima kabisa. Trafiki akaandika. Hakuna aliyemuuliza alikuwa amekaa wapi, na yeye hakusema.

"Basi acha hivyohivyo," nikamwambia. "Wewe ndiye dereva. Umesikia?"

Akanitazama kama mtu aliyetwishwa gunia lisilo lake. "Na mama akiulizwa?"

"Nani atamuuliza mama?"

Sikujisikia vibaya, nisidanganye. Mbuzi ni wale wale, kalavati ni lile lile, na leseni ya mzee wa watu, hata ingekuwa hai, isingewafundisha mbuzi kuvuka. Angekaa mume wangu pale, mtaroni tungeingia vilevile. Ndivyo nilivyojiambia, na nikaanza kukimbizana na bima.

Aliyewahi kufuatilia bima anajua. Ripoti ya trafiki, ripoti ya mkaguzi wa magari, makadirio ya fundi, kivuli cha leseni, picha za gari mbele, nyuma na ubavuni. Ukipeleka hiki wanataka kile. Ofisi ya wakala iko karibu na stendi ya zamani, na mimi nilikuwa naamka kwangu Kitaji, nashuka kwa miguu, nafika kabla mlango haujafunguliwa. Nikipewa kiti sikai. Nasimama, naenda dirishani, narudi, napanga vipeperushi vyao upya. "Faili lako linatembea, dada," ananiambia yule dada wa bima.

"Linatembea kwenda wapi? Mimi naliona hapo hapo mezani."

"Jamani, dada, liko kwenye mfumo."

Huo mfumo nilitamani niujue unakaa mtaa gani niufuate. Nyumbani nilikuwa siwezi kumaliza jambo. Naanza kuosha vyombo, naacha, naenda kupiga simu. Naanza kusali, katikati ya sala namwambia Mungu kuhusu rejeta. Mume wangu akiingia namgombeza kwa kuingia, akitoka namgombeza kwa kutoka. Wakati huohuo biashara inaniponyoka. Nilikodi pikapu ya mtu, turubai lake lina matundu, mvua ikatukuta njiani na mzigo mzima ukalowa. Wateja wangu wa Bunda wakaanza kununua kwa mwingine. Sio kwamba walinitupa. Mama lishe hawezi kuwaambia wateja wake wasubiri faili langu limalize kutembea. Nilijua kabisa, nikikaa bila gari mpaka giza la mwezi unaofuata, sina biashara tena.

Hatimaye wakasema anakuja mtathmini kutoka Mwanza, wenyewe wanamwita asesa. Nilitegemea mtu mkali. Akaja kijana wa Tanga, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi, kila sentensi ina tafadhali. Tukampeleka gereji Bunda. Alilizunguka gari taratibu, akainama chini, akapiga picha, kisha akaingia kiti cha dereva na kuushika ule usukani uliopinda.

"Huu umekunjwa na kifua cha mtu," akasema. "Bwana, kifua hakikukuuma?"

"Kiliuma kidogo," mume wangu akasema.

"Upande gani?"

Mume wangu akagusa tumbo. Kweli tena, tumbo. Mtu nimeishi naye miaka yote hii, hajui kudanganya hata kwa mkono. Nilitamani ardhi ipasuke nimsukumie yeye kwanza.

Asesa alifuta vumbi mikononi, akasema kwa upole uleule kwamba kimebaki kitu kidogo, angependa kuongea na yule mama aliyeumia, kwa kuwa ripoti inamtaja. Kesho, kama haitakuwa usumbufu. Akimaliza na mama, amemaliza.

Nilipanda gari la Butiama mchana uleule. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mama, kesho atakuja mtu. Mama, atakuuliza nani alikuwa anaendesha. Mama, sema ni mkwe wako. Neno dogo tu. Nilijaribu kuliweka hivi, nikaliweka vile, na gari lilivyozidi kukaribia nyumbani ndivyo lilivyozidi kuwa kubwa, kwa sababu kumwambia aseme mkwe wake ndiye aliyekuwa anaendesha ni kumwambia aseme mbele ya mgeni kwamba alikaa na mkwe wake paja kwa paja kutoka kwake hadi Bunda. Mimi mwanawe nimwambie hivyo? Kwa mdomo huu alioulisha?

Nilimkuta anapepeta ulezi nyuma ya jiko. Nikachukua ungo wa pili bila kuambiwa. Akaniuliza kwa nini nimekuja katikati ya wiki, nikasema nimekuja tu. Akaniuliza kama nimegombana na mtu, nikasema hapana. Nikapepeta vibaya, ulezi unamwagika, kuku wanashangilia. Mama akaninyang'anya ungo.

"Una nini wewe?"

"Kesho anakuja mtu wa bima, mama. Anataka kukuuliza habari za ajali."

"Aje. Nilikuwepo."

"Atakuuliza mlikaaje." Nikawafukuza kuku. "Kwenye gari. Nani alikaa wapi."

"Si nitamwambia."

"Sasa, mama, hapo kwenye kukaa..." Akaniangalia na yale macho yake mabovu, ananisubiri nimalize. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Uvae lile gauni la kanisani."

"Hilo ndilo lililokuleta kutoka Musoma?"

"Ndiyo, mama."

Akarudi kwenye ulezi wake, akapepeta kidogo, kisha akauliza, "Huyo mtu nikiongea vizuri, mtapewa gari?"

"Ndiyo."

"Basi nitaongea vizuri."

Nilirudi Musoma nimejichukia. Nikasema labda Mungu atasaidia, labda asesa atauliza mambo ya bega tu.

Kesho yake tulienda kwa mama kwenye gari la asesa, yeye, mimi na mume wangu. Tulipofika mume wangu alishuka akazunguka nyuma ya nyumba kama kawaida yake, kwenye kigoda chake chini ya dirisha la sebuleni. Asesa akashangaa. "Bwana haingii?" Nikamwambia ana simu ya kupiga.

Mama alikuwa amevaa lile gauni, kitambaa kichwani, amekaa wima kama siku ya kupigwa picha. Asesa akampa shikamoo, mama akaitika, akamuuliza ametoka wapi, akampa pole ya safari, akaagiza aletewe soda. Walipendana palepale. Mimi sikukaa. Nilisimama karibu na kabati, nikafungua mlango wa kabati, nikaufunga.

Alianza na bega. Mama akamwonyesha. Akauliza mwendo wa gari ulikuwaje, mama akasema wa kawaida. Mbuzi? Mama akasimulia habari za mbuzi mpaka rangi zao.

"Na wewe mama ulikuwa umekaa upande gani?"

"Mbele. Nyuma natapika."

"Dereva alikuwa nani, mama?"

"Si alikuwa mume wangu," nikadakia.

"Dada yangu, tafadhali, naomba mama ajibu mwenyewe."

Mama alinitazama, akamtazama yeye, akalivuta gauni likafunika magoti vizuri.

"Mwanangu, wewe si wa huku."

"Ndiyo mama, mimi ni wa Tanga."

"Ndiyo maana unauliza. Mkwe wangu hawezi kukaa mbele na mimi. Alimwomba jirani aendeshe."

Nikasema, "Mama." Hakunisikia, au alinisikia akaona namkatiza.

"Nina wakwe wengine," akaendelea. "Wanaingia humu, wanakaa hapo ulipokaa wewe, wananyoosha miguu. Siwachukii, ni watoto wa siku hizi. Lakini huyu wa kisiwani, huyu ambaye ndugu zangu walisema hajui ng'ombe, hajanikosea hata siku moja tangu amchukue binti yangu. Siku ile alikwenda kukaa nyuma kabisa, juu ya magunia ya dagaa, mtu mzima na shati lake safi, ili mimi nikae mbele na heshima yangu. Gari lilipogonga alitambaa kutoka huko nyuma, akaja akanifungulia mlango. Akageuza uso. Akashika ncha ya khanga yangu, akanipa niishike, akanivuta nayo taratibu nisimame, asije akanigusa mkono. Nimezaa wanaume, mwanangu. Hakuna aliyewahi kunitoa mahali hivyo. Andika hayo. Andika kwamba ni mtu mwema, mumpe gari lake."

Kalamu ya asesa ilikuwa imesimama. Akakohoa. "Mama," akasema polepole, "ule mshtuko wa ajali wakati mwingine unachanganya kumbukumbu. Labda umesahau kidogo nani alikuwa kwenye usukani?"

Alikuwa anampa mlango wa kutokea, kijana wa watu. Niliuona.

"Mimi nisahau?" Mama akaudhika. "Naumwa macho, siumwi akili."

Kisha akanigeukia, na alikuwa anafurahi. Uso wote unafurahi. Alikuwa ameniahidi kuongea vizuri, na ameongea vizuri, na alitaka nimwambie hivyo. Nikamwambia, "Asante, mama."

Asesa alimaliza soda yake kwa adabu, akaaga, akaniomba nimsindikize. Kwenye gari lake hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza, ningepata pa kuanzia. Aliniambia dereva asiye na leseni hai hawalipi, hilo moja. La pili, karatasi zote zinasema dereva ni mume wangu, na sasa ana shahidi anayesema siye, na yeye lazima aandike alichosikia. Ila kama sisi wenyewe tutaondoa madai leo, kabla hajaandika, yataishia hapo na hakuna atakayeitwa kuulizwa chochote.

"Fikirini, dada. Naweza kusubiri."

Hakukuwa na cha kufikiri. Nikamwomba kalamu, nikaandika juu ya boneti ya gari lake kwamba naondoa madai yangu, nikaweka saini. Boneti ilikuwa ya moto, mkono ukaungua, nikauacha uungue. Akasema anashika njia ya Bunda kwenda Mwanza, samahani hawezi kuturudisha Musoma. Akaondoka. Nilibaki pale nimesimama nikilia kwa hasira. Noah yangu itabaki gereji Bunda mpaka fundi aiuze vipande, na mimi nitasimama tena barabarani na magunia nikimwomba dereva wa mtu. Kazi yangu yote, kwa sababu mtu mmoja alikataa kukaa kwenye kiti.

Nikazunguka nyumba kwenda kumtafuta huyo mtu. Maneno nilikuwa nayo tayari, mengi, mengine si ya kuandikwa. Nilitaka kumwambia kwamba hao anaowaheshimu kuliko kawaida hata hawakumtuma, kwamba angekaa mbele siku moja tu tungekuwa na gari.

Alikuwa kwenye kigoda chake chini ya dirisha, viganja juu ya magoti, machozi yanamtoka waziwazi wala hayafuti. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku alipomzika baba yake kule kisiwani.

"Gari letu limekwenda," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Limekwenda moja kwa moja. Nimeondoa madai."

"Nimesikia yote." Akainua uso. "Umesikia alivyosema?"

Nikajifuta macho kwa ule mkono ulioungua.

"Kumbe siku zote..." akasema, akashindwa kumaliza.

Ndani, upande wa pili wa ukuta, mama alikuwa anaimba wimbo wa kanisani huku anakusanya chupa za soda. Nilitaka kumzaba mume wangu kibao, na nilitaka kumkumbatia. Kwenye uwanja wa mama yangu vyote viwili ni mwiko. Nikamwambia ainuke tukatafute pikipiki, gari hatuna.